Kale kaneno ka mbele: right, just, straight, back na wenzake kwenye Kiingereza cha kila siku

Siku za mwanzo naanza kupokea wageni kwenye kigesti chetu cha vyumba vinne huku Mji Mkongwe, Unguja, mgeni mmoja alinitumia meseji keshashuka boti yuko getini bandarini anauliza nyumba iko wapi. Mi nikamjibu haraka haraka, "The house is behind the mosque only." Kichwani nilikuwa nasema nyumba iko nyuma ya msikiti tu hapo, ukizunguka ukuta umefika. Sasa yeye ile "only" ya mwisho kaielewa kwamba msikiti ni huo huo mmoja, hakuna mwingine, na Mji Mkongwe misikiti ipo kila baada ya vichochoro viwili, kwa hiyo akaenda kwenye msikiti wa kwanza aliouona akauzunguka na begi lake la magurudumu, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nilikuja kumkuta karibu na soko la Darajani kalowa jasho. Nikamleta mpaka mlangoni, akaangalia nyumba, akaangalia ukuta wa msikiti, akacheka, "Oh, it's right behind the mosque!"

Na mi nikageuka kuangalia kulia.

Ndo siku nilipojua kumbe kuna kitu sikufundishwa. Shuleni tulipewa orodha ya vielezi, quickly, slowly, very, always, tukapewa na orodha ya vihusishi, in, on, at, behind, after, tukakariri zote mbili, ila hakuna aliyetuambia kwamba hivi vitu vinaoana, kwamba Mwingereza akiongea hasemi tu "behind the mosque" bali anatanguliza kaneno kadogo mbele kanakokwambia ni nyuma kiasi gani, nyuma vipi, na yeye mwenyewe amesimama upande upi akiongea. Kiingereza chako kinaweza kuwa hakina kosa hata moja na bado kikasikika kikavu kwa sababu tu ya kukosa hivyo vineno. Nimeandika huu mwongozo kwa hatua, fuata moja moja, usiruke ya kwanza.

HATUA YA 1: Tafuta kihusishi, halafu simama mbele yake

Chukua sentensi yako uitafute ile in, at, behind, after, to, from, whatever. Kaneno kako ka kuongeza nguvu au kupunguza kanakaa MBELE ya kihusishi. Kakiingia katikati, kati ya kihusishi na jina, umeharibu, na kakienda mwishoni mara nyingi kanabadilisha maana kama ilivyonikuta mimi.

Kinachotuponza ni Kiswahili chenyewe. Sisi "tu", "kabisa" na "kidogo" tunaziweka nyuma ya neno la mahali, katikati KABISA ya mji, nje KIDOGO ya Arusha, ndani KABISA ya msitu, nyuma TU ya msikiti. Kiingereza kinageuza:

katikati kabisa ya mji = "right in the middle of town"
nje kidogo ya Arusha = "just outside Arusha"
ndani kabisa ya msitu = "deep in the forest"
nyuma tu ya msikiti = "right behind the mosque"
moja kwa moja mpaka eapoti = "straight to the airport"

Ila zipo ambazo na sisi tunatanguliza, na hizo hazimsumbui mtu. "Muda mrefu kabla ya" ni "long before", "mara tu baada ya" ni "right after", "dakika tano kabla ya" ni "five minutes before", mpangilio ule ule. "Hata usiku" ni "even at night", "hasa wakati wa masika" ni "especially in the long rains". Kwa hiyo usiogope kila kitu, ogopa zile zenye "kabisa", "tu" na "kidogo", ukizikuta ujue hapo kuna kazi ya kuhamisha.

HATUA YA 2: Tofautisha "right" na "just"

Hizi mbili ndo zinabeba karibu nusu ya mazungumzo yangu na wageni na watu wengi wanazichanganya kwa sababu kwenye Kiswahili zote zinaweza kuwa "tu".

"Right" ni pale pale, hamna nafasi katikati. Ngome Kongwe na Beit al Ajaib zimekaa bega kwa bega, kwa hiyo "The Old Fort is right next to the House of Wonders." Ukitoka getini mwa ngome ukivuka barabara unaingia bustani ya Forodhani, "right across from Forodhani." Huhitaji kutaja mita wala dakika, "right" imeshamaliza.

"Just" inakubali kuna kanafasi, ila kadogo. Kisiwa cha Changuu kiko majini kidogo tu kutoka mjini, unakiona kwa macho ukikaa Forodhani, basi ni "just off Stone Town". Na hiyo "just off" ishike vizuri manake kwenye kuelekeza watu ni dhahabu, nyumba iliyo kwenye uchochoro unaochepuka kutoka Kenyatta Road ni "just off Kenyatta Road", hapo umeokoa sentensi nzima ya unafika unakata kona unaingia ndani kidogo.

Uzuri wa "just" ni kwamba udogo wenyewe unategemea unaongelea nini. Mji wa Nanyuki mstari wa Ikweta unaupitia, kwa hiyo "Nanyuki is right on the Equator", hapo hamna ubishi, watu wanashuka kwenye gari kupiga picha na kibao. Nairobi iko kusini ya mstari huo kwa zaidi ya kilomita mia moja, lakini ukiitazama kwenye ramani ya dunia ni kanafasi ka ukucha, kwa hiyo wanasema "Nairobi is just south of the Equator" na wako sahihi. Kilomita zaidi ya mia moja kwenye ramani ni "just", hatua ishirini kwenye uchochoro nazo ni "just".

Kwenye muda ni hivyo hivyo. "Just after eight" ni saa mbili na dakika zake chache. "Right after breakfast" ni ukishaweka kikombe chini tu. Mgeni akikwambia "we'll leave right after breakfast" mwambie dereva awe getini kabla hawajamaliza chai.

Angalizo la haraka, "right" haipandi kila kihusishi. Inapenda in, on, at, behind, under, next to, through, into, from, after, before, until. Haipendi "of", haipendi "for", haipendi "during", ukisema "right during lunch" watu watakuelewa ila utaona wamekunja uso kidogo. Unasema "right in the middle of lunch".

Hii "right" zamani ilikuwa inamaanisha "sana" kwa upana zaidi, hata mbele ya sifa za kawaida, na masalia yake mnayasikia kila siku kwenye taarifa ya habari bila kujua: spika wa bunge la Uganda anaitwa "Right Honourable", wala hakuna kulia pale, ni Mheshimiwa sana. Mi nilipolijua hilo ndo nikaacha kugeuza shingo.

HATUA YA 3: Iweke "very" pembeni

Hapa ndo tunapoanguka wengi. Tumezoea kwamba "sana" na "kabisa" ni "very", basi mtu anaandika "very behind the shop", "very in the middle", "very at the top". Hapana. "Very" haikai mbele ya kihusishi hivi hivi. Inakaa mbele ya near na close, "very near the market", "very close to the beach", kwa sababu hayo mawili yana tabia za sifa, unaweza kusema nearer, closer. Behind huwezi kusema behinder, kwa hiyo haipokei.

Kama unaipenda sana "very", ina mlango wa nyuma. Iingize baada ya "the", mbele ya jina: juu kabisa ni "at the very top", mwisho kabisa ni "at the very end". Au tumia "right" pale mbele, "right at the top". Zote sawa, chagua moja, ukiweka zote mbili kwa pamoja, "right at the very top", nayo inaenda, ni kama sisi tunavyosema juuu kabisa tena kuleee.

Na "completely" je? Ina kazi yake, ila ni kazi ya HALI, siyo ya mahali. Gari limeishiwa mafuta kabisa, "we're completely out of petrol". Mambo yako sawa kabisa, "everything is completely under control". Napinga kabisa, "I'm totally against it". Ukijiuliza swali hili hutakosea: je naongelea kitu kiko WAPI au kiko VIPI? Wapi inachukua right, vipi inachukua completely au totally. Kuna na "very much" ambayo nayo iko upande wa hali, "they're very much in love", hao wamependana hasa, wape chumba cha juu chenye kibaraza.

HATUA YA 4: Pima umbali na muda

Hii hatua naipenda kwa sababu hapa kaneno kamoja kanaweza kukufanya mkweli au muongo.

Vipimo vyenye namba ni rahisi, vinakaa mbele: "two hundred metres past the post office", "ten minutes before the ferry", "three doors down from the pharmacy". Shida ni vile visivyo na namba. Vipo hivi: "just" ni kidogo, "well" ni kwa nafasi nzuri, "way" ni mbali mno na ni lugha ya kijiweni, "far" ni mbali, "long" ni ya muda, "shortly" na "soon" ni muda mfupi. Angalia hapa, "soon after" watu wanasema ila "soon before" hawasemi, kabla yake ni "shortly before" au "just before". Usiniulize kwa nini, mi mwenyewe nilirekebishwa na mgeni.

Tuchukue mbio, manake ndo zilinifungua akili. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch kule Nyuzilandi, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1500. Filbert Bayi wetu hakusubiri mzunguko wa mwisho kama walivyozoea wenzake, akachomoka mwanzoni kabisa akakimbia peke yake huko mbele, na wenzake wanajua atachoka. Hakuchoka. Akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na John Walker aliyekuwa anamfukuza kwenye ardhi ya nyumbani kwake naye akaingia ndani ya rekodi ya zamani kwa 3:32.5. Sasa isimulie kwa Kiingereza uone vile vineno vinavyofanya kazi:

"Bayi went to the front right from the start." Tangu mwanzo kabisa, right from.
"By halfway he was well ahead of the others." Mbele kwa nafasi nzuri tu, siyo kapua.
"He held on all the way to the line." Njia nzima mpaka kwenye mstari.
"Walker finished just behind him." Nyuma kidogo, sehemu ya tatu ya sekunde.

Ondoa hivyo vineno, uandike from the start, ahead of the others, to the line, behind him. Sentensi ziko sahihi zote, lakini mbio imekufa.

Mfano wa pili ni John Stephen Akhwari, Mexico City 1968, marathoni. Alianguka akaumia goti, akaendelea hivyo hivyo kafungwa bandeji, akaingia uwanjani giza limeshaingia na watu wengi wameshaondoka. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20, Akhwari alitumia saa 3 na dakika 25. Hesabu, tofauti ni saa moja na kama dakika tano. Kwa hiyo ni "just over an hour after the winner". Ukiandika "well over an hour after" umeongeza chumvi, well over ni kama saa moja na nusu hivi kwenda mbele. Na "long after the winner" inakubalika kwa sababu haina namba, inabeba hisia tu, kwamba kamaliza muda mrefu baada ya mwenzake.

Wanafunzi wa historia na nyie mnaihitaji. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakawa 12 Januari 1964, basi "The revolution came just over a month after independence." Muungano ni 26 Aprili 1964, "just over three months after the revolution". Ona kwamba hapo vimebebana, just + over + kipimo + after + jina, na kila kimoja kimekaa kwenye kiti chake.

HATUA YA 5: Jifunze back, up, down, over na out kama "kule", "huko" na "pale"

Hapa pana utamu, na hapa ndo mtu akikusikia anajua huyu kaishi na lugha, hakuisoma tu.

Sema "Yuko Pemba". Sasa sema "Yuko kule Pemba". Habari ni moja, ila ya pili imemweka msemaji upande mmoja na Pemba upande wa pili, umeona kabisa bahari imepita katikati. Mwingereza hana kule wala huko za namna yetu, zake ni "there" na "here" tu, lakini ana hivi vielezi vitano anavitanguliza mbele ya kihusishi na vinafanya kazi hiyo hiyo. "She's in Pemba" ni taarifa. "She's over in Pemba" ni kule Pemba.

OVER ni ng'ambo ya kitu, maji, barabara, chumba, hata meza. "Over in Pemba", "over by the window", "over at my brother's place". Lazima kuwe na kitu cha kuvuka, hata kama ni sebule tu.

UP na DOWN zinaenda na mwinuko, na pia zinaenda na ramani, kaskazini ni up, kusini ni down. "Up in Arusha", "down in Mtwara". Kenya mtu wa Nairobi anasema "down in Mombasa" kwa sababu ni kushuka pwani, na sisi pia tunasema kushuka, kwa hiyo hiyo haihitaji maelezo. Ila kuna mazoea mengine yasiyofuata mlima wala ramani, Uingereza kwa mfano kwenye reli njia ya "up" ni ile inayoelekea London hata kama treni inatoka kaskazini, na mtu anaweza kusema "I'm going up to London" akiwa anashuka kusini. Kwa mgeni wa hivyo usianze kubishana ramani.

OUT ni nje, penye uwazi, mbali na watu. "Out at sea", "out in the fields", "out on the balcony". Babu yuko shamba, "he's out on the farm". Ukisema "he's in the farm" kwanza "in" yenyewe imekosewa, lakini hata ukisahihisha ikawa "on the farm" bado ile "out" inakuletea jua na upepo.

BACK ni mahali ulipotoka au wakati uliopita. Ndugu zetu walioko Toronto, Leicester na Muscat wanaijua kuliko mimi, "back home", "back in Tanga", "back in Unguja", kila hadithi inaanza nayo. Kwenye muda ni "enzi zile": "back in 1964", "back in March". Ni ya nyuma tu, kwa mambo yajayo haitumiki. Na kwa matembezi ya siku moja ni kule tulikoanzia, "I left my phone back at the hotel", simu nimeiacha kule hotelini tulikotoka.

Usivimwage kila sentensi. Kama sisi ambavyo hatusemi kule kule kule kwenye kila jina la mahali, tukisema hivyo tunasikika tunamteta mtu, na wao pia. Kwenye barua ya ofisi vitoe karibu vyote. Kwenye meseji na maongezi viache viwili vitatu.

HATUA YA 6: Vikikutana vingi, vipange

Mpangilio ni huu: kipimo au nguvu kwanza, kisha mwelekeo, kisha kihusishi, kisha jina.

right + up + at + the top of the stairs
straight + back + to + the port
way + back + in + 1964
all the way + down + to + the beach
just + over + there + by the almond tree

Ukigeuza, "up right at", "back way in", inakuwa kama kusema "hapo kule tu nyuma ya". Mdomo wenyewe utakataa ukishazoea, lakini mwanzoni andika kwenye karatasi kwa viboksi vinne, mi nilibandika pembeni ya friji wenzangu wakadhani ni risiti.

Hapo kwenye "all the way to" kuna mtego wetu mkubwa. "Nilitembea mpaka Bububu", wengi tunaandika "I walked up to Bububu". "Up to" ya Kiingereza kwenye kutembea ni kukisogelea kitu mpaka karibu, "he walked up to me" ni alinijia akasimama mbele yangu. Bububu hujaisogelea, umeifikia, kwa hiyo "all the way to Bububu" kama unataka watu wajue umechoka, au "as far as Bububu" kama unasema tu ulipoishia.

HATUA YA 7: Angalia wasiofuata sheria

Wa kwanza ni "sharp" na "on the dot", saa mbili kamili ni "at eight sharp", zinakaa mwishoni kabisa. Hapa Kiswahili na Kiingereza vimekutana njia, kamili iko mwisho na sharp iko mwisho. Ukitaka kutanguliza tumia exactly, "at exactly eight" au "exactly at eight", zote zinapita. Na hakikisha umeshahama kutoka saa zetu kwenda saa zao kabla hujatuma, hiyo siyo sarufi ila imeshanigharimu teksi mbili.

Wa pili ni home. Moja kwa moja mpaka nyumbani ni "straight home". Hamna to hapo, "straight to home" ni kosa. Here na there nazo ni hivyo hivyo, "right here", "straight there", zimekula kihusishi chao.

Wa tatu ni "only". Kimaandishi inakaa mbele ya kile inachokibana, "The boat runs only on Fridays", ila wakiongea wanairusha mbele ya kitenzi, "The boat only runs on Fridays", na wote wanaelewa ni Ijumaa tu. Sisi tunaiweka mwisho kwa sababu "tu" yetu iko mwisho, "on Fridays only", hiyo ni ya kwenye matangazo na vibao, sawa, haina shida. Shida ni pale unapoitumia badala ya just au right. "Behind the mosque only" mnajua ilinifikisha wapi.

JARIBU MWENYEWE

Ziba chini, tafsiri kwanza kichwani, halafu ndo ushuke.

a) Shuka boti, njoo moja kwa moja mpaka geti kuu.
b) Gesti iko kwenye uchochoro unaochepuka kutoka barabara kuu, nyuma tu ya msikiti wenye mlango wa kijani.
c) Chumba chako kiko juu kabisa, kule kwenye ghorofa ya tatu.
d) Njoo muda mzuri tu kabla ya magharibi, manake umeme ukikatika vichochoro vinakuwa giza kabisa.
e) Begi lako umeliacha kule bandarini.

Yangu ni haya, yako yanaweza kutofautiana kidogo na bado yakawa sawa:

a) "Get off the boat and come straight to the main gate."
b) "The guesthouse is just off the main road, right behind the mosque with the green door."
c) "Your room is right at the top, up on the third floor."
d) "Come well before sunset, because if the power goes the alleys are completely in the dark."
e) "You left your bag back at the port."

Hiyo b ndo meseji ninayoituma mpaka leo, neno kwa neno, nimeihifadhi kwenye simu. Rangi ya mlango niliiongeza mwenyewe baadae, baada ya mgeni mwingine kuzunguka nyuma ya msikiti usiokuwa wetu, na hapo kosa halikuwa la "right".